Pipa Hili Lilibeba Nini?

Ukiwasikiliza wauza mapipa wa Dar es Salaam, jiji hili halijawahi kushusha bandarini hata pipa moja la kemikali. Kila pipa la bluu lililopangwa kando ya barabara, iwe Buguruni au Tegeta, lilibeba juisi. Jibu linatoka kabla hujamaliza kuuliza: "Juisi hiyo, dada. Nusa mwenyewe." Unainama, unanusa, linanukia sabuni ya unga yenye limao. Umejua kwamba limeoshwa. Kilichooshwa hukijui.

Nilianza kutafuta vyombo kuukuu vya kukingia mvua baada ya mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mitaa ikawa inapata maji kwa zamu. Kabla ya hapo nilikuwa na madumu na ndoo kama kila mtu, na mvua ikinyesha tulitoa nje kila chenye mdomo, mpaka masufuria ya shughuli. Tenki jipya la lita 5,000 lingemaliza shida, lakini mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba hatanirudishia gharama ya msingi wa zege nitakaoujenga uani kwake, na siku atakaposema mwanawe anaoa na nyumba inahitajika, nataka mali yangu ipande kwenye kirikuu tuondoke nayo. Pipa la lita 200 linapanda. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kubaki na mapipa, na bei inafuata nyuma yake.

Hesabu kwanza, maana wengi hununua pipa moja kisha husema kukinga mvua hakuna faida. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Upande wa paa langu unaomwaga uani una urefu wa mita 10 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20, ambayo masika si kitu cha kushangaza, inamwaga lita 800 upande huo peke yake. Toa inayorukia nje ya gata na inayokaukia kwenye bati, zinabaki kama 650. Pipa moja linajaa mvua ikiwa bado haijachanganya, na yanayobaki yote yanamfuata jirani wa bondeni. Dar hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiangukia masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo ni mapipa matatu au manne, yaliyounganishwa chini kwa bomba ili yajae pamoja na kushuka pamoja. (Wenye nyumba za paa la kuficha, hizi za kisasa, wana bahati ambayo wengi hawajaishtukia: maji ya paa zima yanatokea kwenye matundu mawili tu. Sisi wa mgongo wa tembo tunanunua gata kwa mita.)

Sasa turudi kwenye hiyo juisi.

Juisi nzito inayoagizwa nje kwa ajili ya viwanda, pamoja na rojo la nyanya na la embe, mara nyingi husafiri ndani ya mfuko mzito wa plastiki na foili uliofungwa bila hewa, na mfuko huo huwekwa ndani ya pipa la chuma. Pipa lenyewe haligusani na juisi. Ukiona pipa la chuma limepakwa rangi, mdomo wake mpana, kifuniko kinabanwa kwa pete, na ndani ni kukavu bila harufu yoyote, hilo linaweza kweli kuwa la juisi. Lakini pipa la bluu la plastiki lililozibwa juu kabisa, lenye vizibo viwili vya inchi mbili, limetengenezwa kwa kitu kinachomiminika na kupampiwa. Ndani yake kunaweza kuwa kulikaa glukosi ya kiwanda cha peremende. Kunaweza pia kuwa kulikaa magadi makali ya maji, dawa ya kupaushia nguo, au asidi. Plastiki ni ile ile, rangi ni ile ile.

Jirani yangu anayetengeneza sabuni ya maji ndiye aliyenifundisha kulitambua pipa la salfoniki. Ile ni asidi nzito ya rangi ya kahawia, malighafi kuu ya sabuni ya maji, na wajasiriamali wengi wadogo huinunua kwa kilo. Duka linaloipima kilo kilo ndilo linalobaki na pipa tupu, na pipa tupu halikai dukani. "Angalia shingoni, mwenzangu," aliniambia, akipitisha kidole kwenye nyuzi za kizibo. "Salfoniki haifichiki hapa." Kwenye nyuzi kulikuwa na utando wa kahawia ulioganda, na alipomimina maji kidogo na kutikisa, povu likajaa. Alisuuza, likajaa tena. Mwoshaji wa barabarani naye huosha kwa sabuni, kwa hiyo povu la mara ya kwanza halithibitishi kitu. Ukisuuza na kusuuza na bado linakuja, achana nalo. Jirani yangu mwenyewe anayo mapipa hayo mawili na anakingia maji ya kuchanganyia sabuni. Kwake hasara iko wapi?

Hapo ndipo nilipoelewa ninachonunua. Plastiki kuukuu ipo kila kona. Kinachoadimika ni mtu anayeweza kukuambia chombo kilikuwa na nini, na kila mkono pipa linapopitia, habari hiyo inapungua. Kiwanda kinajua. Dalali anayechukua kwa jumla anajua nusu, kwa sababu anachanganya mizigo ya viwanda vitatu kwenye fuso moja. Mwoshaji anajua harufu tu, na kazi yake ni kuiondoa. Muuzaji wa barabarani anajua bei. Kwa hiyo nimeacha kumtafuta anayeuza mapipa, namtafuta aliyelimaliza pipa.

Nilianzia viwandani, Barabara ya Nyerere, na mlinzi wa geti moja alinipokea vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta kazi?"

"Hapana mzee, natafuta mapipa matupu."

Alicheka mpaka akavua kofia. Akaniambia mapipa ya pale yana mwenyewe: kuna tajiri aliyeingia mkataba wa kuyachukua yote, na hata yeye mlinzi hajawahi kupata moja la kuwekea pumba za kuku wake. Ndivyo ilivyo kwenye viwanda vingi vikubwa. Haviuzi moja moja, vinauza kwa zabuni, na mtu wa pipa moja ni usumbufu wa karatasi. Ukitaka kujaribu, ulizia mtunza stoo badala ya ofisi ya mauzo, na uende siku ambayo lori la kuchukua mapipa halijafika.

Wadogo ndio wenye mali yetu. Waokaji wa keki na mikate hubaki na ndoo za lita 20 za mafuta mazito na jemu. Jikoni za hoteli hubaki na madumu ya mafuta ya kula, na nyingine huwa na mapipa madogo ya mdomo mpana yaliyokuja na zeituni au achari. Watengeneza aiskrimu na barafu za watoto wana madumu ya ladha, ingawa haya siyapendi: harufu ya stroberi inaingia ndani ya plastiki na haitoki, ukifulia maji hayo shati linanukia peremende. Na wauza asali. Asali ya Tabora na Singida hufika mjini kwenye ndoo na mapipa, na mfanyabiashara anayeimimina kwenye chupa hubaki na pipa la mdomo mpana ambalo wewe mwenyewe unaona kinachokombwa ndani. Pipa langu bora nimelipata hivyo. Muuzaji alinipimia chupa ya mwisho kutoka humo, kisha akaniuzia lenyewe. Sisimizi walilizunguka muda kidogo, basi, nikalisuuza kwa maji ya moto.

Bei sitaandika, kwa sababu inategemea mwezi kuliko chombo. Wingu la kwanza la Machi likitanda, pipa lililokuwa limelala juani tangu Januari linapata thamani ghafla na muuzaji hashuki. Nunua Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, wakati mapipa yamemjazia muuzaji nafasi na watoto wanayachezea. Kipimo changu ni tenki jipya: nikiona jumla ya mapipa manne pamoja na viungio vyake inakaribia tenki jipya la lita 1,000, najua nadanganywa.

Ukilazimika kununua barabarani, na mara nyingine unalazimika, soma kilichopigwa chapa kwenye plastiki yenyewe, maana karatasi hubanduliwa lakini chapa haioshwi. Karibu na kingo utaona alama ya UN (Umoja wa Mataifa) na herufi kama 1H1, ambayo ni pipa la plastiki lililozibwa juu, au 1H2, la kifuniko kinachotoka chote. La chuma lililozibwa ni 1A1. Watu wengi wakiona UN wanakimbia, au kinyume chake wanadhani ni pipa la msaada. Maana yake ni kwamba pipa limethibitishwa kuwa linaweza kubeba bidhaa hatari. Haisemi kwamba lilizibeba. Lenye mchoro wa glasi na uma ndilo lililotengenezwa kwa plastiki inayofaa chakula, ingawa nalo halina habari za waliolitumia baadaye. Pembetatu yenye namba 2 inakutajia aina ya plastiki tu. Pia kuna duara dogo lenye mshale na namba 1 hadi 12 pembeni: mshale unaonyesha mwezi pipa lilipofinyangwa, na mwaka huwa katikati. Pipa lililokaa juani miaka kumi linapauka na kuwa kama chaki ukilipangusa, na siku moja litapasuka likiwa limejaa.

Karatasi ikiwapo, hata kipande, usiibandue kabla hujaisoma. Msambamba wenye kingo nyekundu na mchoro ndani yake, uwe fuvu, au mkono unaomomonyoka, au samaki aliyekufa, hauhitaji kujua Kichina wala Kituruki. Namba ya tarakimu nne nayo inasema: 1824 ni magadi makali ya maji, 1789 ni asidi ya haidrokloriki, 1791 ni maji ya klorini kama jiki lakini makali zaidi, 2014 ni haidrojeni peroksaidi. Hii ya mwisho huja kwenye pipa ambalo kizibo chake kina tundu la kupumulia. Na pale ambapo karatasi imekwanguliwa kwa kisu mpaka plastiki ikachubuka, wakati mapipa ya jirani yake bado yana karatasi zake, mimi naaga.

Vitu viwili sinunui hata nipewe bure. Cha kwanza ni chombo chochote cha kiuatilifu, cha shambani au cha kuulia mchwa. Utaratibu wake unajulikana: chombo kikiisha kinasuuzwa mara tatu, maji yake yanarudishwa kwenye bomba la kupulizia, kisha kinatobolewa ili asije mtu kama mimi. Plastiki hunyonya sumu hizo na kuzitoa polepole. Cha pili ni pipa lililokuwa na mafuta ya mashine au kiyeyushio cha rangi. Hapa niseme na wanaotegemea kuchemsha: moto unaua vijidudu, hauondoi kemikali. Maji yakipungua sufuriani, kemikali nyingi zinabaki kwenye maji machache zaidi.

Na ikiwa ni pipa la chuma lililozibwa ambalo unataka kulikata mdomo, tafadhali usimpelekee fundi wa kuchomelea likiwa tupu. Pipa "tupu" la petroli, dizeli au thina limejaa mvuke, na cheche moja ya grenda inalilipua. Mafundi wamekufa hivyo, hapa na kwingineko. Lijazwe maji mpaka karibu na pale panapokatwa, hata likikatwa kwa patasi na nyundo kama wanavyofanya wazee. Mapipa ya lami nawaachia wanaoyakunjua kutengeneza milango na uzio.

Vingine kwa haraka. Ndoo za rangi ya ukutani ya maji zinafaa kumwagilia bustani baada ya kubandua ngozi yote ya rangi. Za rangi ya mafuta hapana. Friji bovu lililolazwa chali linakinga maji mengi sana, lakini lina mlango unaojifunga na mtaa una watoto, kwa hiyo mlango ung'olewe kwanza au liachwe. Tenki la plastiki lililopasuka usilidharau: wapo mafundi wanaoziba ufa kwa chuma cha moto na vipande vya plastiki ya aina ile ile, na ufa wa ubavuni, juu ya nusu, hukaa vizuri. Wa chini kwenye kona unarudi, kwa kuwa uzito wote wa maji uko hapo.

Kisha kuna yale matenki meupe ya lita 1,000 yaliyo ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, yenye koki kubwa chini. Kila mtu anayataka, na kwa haki: moja ni sawa na mapipa matano, na linakaa eneo la mita 1 kwa mita 1.2. Fremu ina kibati ambacho karatasi ya bidhaa hubandikwa. Angalia hapo, kisha angalia tarehe ya plastiki na tarehe ya fremu, kwa sababu tenki la ndani huweza kubadilishwa na fremu ikabaki na karatasi ya zamani. Likijaa linazidi tani moja, hivyo tofali nne kwenye pembe hazitoshi, weka msingi sawasawa chini yake lote. Weupe wake unapitisha mwanga na ukijani unaota ndani. Lipake rangi nyeusi au livalishe turubai. Nyuzi za koki yake ni pana na za mviringo mkubwa wa milimita 60, haziingiliani na koki ya kawaida ya dukani, kwa hiyo ulizia kiungio chake palepale unaponunua. Ukikiacha, utazunguka maduka ya mabomba ukionyesha picha kwenye simu na kuambiwa "hizo hazipo, mama".

Kuosha. Maji ya moto na sabuni kwanza, na kwa pipa lililozibwa unatia kokoto safi na kulibingirisha uani. Watoto wa mtaa wataifanya kazi hiyo bila kuombwa. Kisha magadi ya kupikia usiku kucha kwa ajili ya harufu, kisha jiki kidogo, kisha kusuuza. Jiki usiitie kwenye pipa ambalo huna hakika kama lilikuwa na asidi, kwa sababu vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Baada ya hapo lifunge, liache juani mchana mzima, ulifungue jioni. Joto hutoa harufu iliyojificha kwenye plastiki ambayo asubuhi usingeisikia. Usiinamishe kichwa ndani, pungia mkono harufu ikujie.

Nyumbani kwangu mapipa ya barabarani yanahudumia choo, deki na maua. Maji ya pipa la asali peke yake ndiyo yanayoingia jikoni, baada ya mvua ya mwanzo kuachwa ipite ioshe vumbi na mavi ya kunguru kwenye bati, na baada ya kuchemshwa. Kisima cha mtaani kwetu kina chumvi, sabuni haitoi povu na maharage yanagoma kuiva, kwa hiyo mvua ikikoma majirani huja na vidumu, na swali lao la kwanza ni kama hayo ni ya lile la asali.

Limebaki la mbu. Mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar 2014 na tena 2019, hapendi mtaro mchafu. Anapenda maji safi yaliyotulia kivulini, yaani kile hasa ninachokiweka. Kwenye nyumba za kale za Lamu waliachia samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi. Mimi nimetumia wavu wa dirisha uliobanwa kwa mpira wa ndani wa tairi, kwenye kila mdomo, pamoja na pale gata linapoingilia. Wavu tu hautoshi kwa chombo kuukuu. Mbu huyo hubandika mayai kwenye ukuta wa ndani, juu kidogo ya maji, na mayai yanastahimili ukavu kwa miezi. Pipa lililokaa kavu kando ya barabara kiangazi kizima linaweza kuja nyumbani nayo, yakangoja mvua ya kwanza iyafikie, na hapo ni wiki moja au siku kumi tu hadi mbu waruke. Kwa hiyo kila pipa linaloingia uani kwangu, la asali likiwamo, linapigwa brashi ngumu ndani, kuanzia mdomoni mpaka chini, kabla halijasogezwa karibu na gata.